Vichwa Arobaini kwa Siku

Mashine ya CT ya hospitali yetu, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ililetwa Jumatano, ikafungwa Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi ikafanyiwa sadaka, kwa sababu Jumamosi ile ilikuwa Tumpek Landep, siku ya vyuma. Hapa kwetu Bali siku hiyo hurudi kila baada ya siku mia mbili na kumi, na kila kitu cha chuma hupewa haki yake: pikipiki, panga, cherehani, pampu ya maji, kompyuta. Wauguzi waliamka mapema wakasuka visinia vya makuti, wakavijaza maua, wali na biskuti, wakavipanga juu ya kitanda cha mashine, pale mgonjwa anapoweka miguu. Mfagiaji alilifunga duara kubwa anamoingizwa mgonjwa kitambaa cha mirabaraba myeupe na myeusi. Mashine ikapendeza, kama bibi arusi mnene.

Jero Mangku, kuhani wa hekalu la mtaa, alikaa chini akapanga kengele yake na maji. Kisha akauliza swali analouliza kila mara kabla ya kuanza.

"Hiki kitu ni kipya au kimeshatumika?"

Si swali la kupotezeana muda. Kitu kipya husomewa kama mtoto aliyezaliwa, asiye na mtu nyuma yake. Kitu kilichotumika husomewa vingine. Kwanza huitwa wale waliokitumia, wakapewa kahawa na sigara, wakaambiwa kwamba kitu chao sasa kina mwenyewe mwingine, wakaombwa waende salama. Ndivyo tulivyofanya kwa gari la wagonjwa, lililotoka Jakarta likiwa limekula barabara miaka tisa, na halijatusumbua hata siku moja.

"Kipya," alisema Dokta Artawan, mkurugenzi. "Kipya kabisa, Jero Mangku. Nailoni yake tumeichana juzi."

Pembeni yake alisimama Bwana Wibisana, wakala wa kampuni iliyoleta mashine, mtu wa Surabaya mwenye shati la batiki lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Aliitikia kwa kichwa mara mbili. Mtu mkweli angeitikia mara moja.

Mlangoni alikuwa Nyoman Rasti, mtaalamu wa mionzi, mkuu wa chumba kile. Alhamisi, wakati mafundi wanafunga mashine, Rasti alikuwa ameona vichwa vya skrubu vimelika kwa bisibisi. Chini ya kitanda aliona rangi mbichi iliyopakwa juu ya mkwaruzo, na mahali pengine gundi ya kibandiko kilichobanduliwa. Hakusema kitu. Ijumaa aliletewa hati ya mapokezi, ambayo mstari wake wa nne ulisema hali ya kifaa ni mpya, naye akatia saini, maana sahihi ya mkurugenzi ilikuwa tayari juu ya yake na mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemnyooshea kalamu. Jambo hilo lilimkaa rohoni, lakini alikuwa na kazi, na kazi za serikali mjini kwetu hazigawiwi sokoni.

Baba yake Rasti alikuwepo pia. Jina lake Pande Ketut Sadra, wa ukoo wa wahunzi, na siku ya vyuma haiendi bila mhunzi kualikwa. Kwa miaka hamsini alikuwa amefua patu za ngoma za mahekalu, zile kubwa zinazotundikwa na zile ndogo zinazopangwa kwenye fremu ya mbao. Alisogea, akaigonga mashine kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Huyu si mtoto," alisema. "Huyu ni mzee mwenzangu. Ameshapigwa sana huyu."

"Mzee Sadra, hiyo si upatu," Dokta Artawan alicheka. "Kwa nje ni plastiki tupu."

"Mimi nimesikia cha ndani."

"Basi siku moja uje tukupige picha ya bure, na yeye asikilize cha ndani chako."

Watu wakacheka. Mzee Sadra naye akacheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akatoka nje kumalizia huko. Jero Mangku alitazama karatasi za kampuni, akazitazama na nyuso za wakubwa, akaona hapana haja ya kubishana na watu wenye mihuri. Akapiga kengele, akaisomea mashine dua ya mtoto mchanga.

Hapa inabidi niseme jinsi tulivyoipata, maana hospitali haikuinunua. Kampuni iliiweka tu. Kwa upande wake, hospitali iliahidi kwamba kila siku ya kazi wagonjwa arobaini watapita ndani ya lile duara, na ikishindwa miezi mitatu mfululizo, mashine itang'olewa na mkurugenzi ataeleza wilayani kwa nini alibomoa ukuta ili kuiingiza. Mkataba uliandika "wagonjwa". Bwana Wibisana alisema "vichwa". Na sisi mji mzima, ukijumlisha walioanguka na pikipiki, hatukuwa na vichwa zaidi ya kumi na vitano kwa siku. Madaktari wakaanza kuokoteza. Ukienda na goti, picha. Ukienda na chunusi, picha. Mama mmoja aliyekuja kumletea dada yake wali alijikuta amelala kitandani anaambiwa asipumue.

Jumatatu ya kwanza, saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja wa kizungu aliingia akiwa amevaa koti refu la sufu na kofia ya kufuma. Alibonyeza mashine ya kutoa namba, akapata namba saba, akaketi kwenye benchi la nje ya chumba cha picha. Komang wa mapokezi alimtazama mara moja, akamwelekeza kwenye dirisha la watalii. Hakuondoka. Ilikuwa nyuzi thelathini na tatu siku hiyo na feni ilikuwa mbovu.

"Huyo si mtalii," Komang alimwambia Rasti. Komang aliwahi kuhudumu miaka saba kwenye meli za watalii kabla ya kurudi nyumbani kuoa. "Mtalii namjua mie. Mtalii hutoka jasho. Huyo mama amekufa."

"Ana namba?"

"Anayo. Saba."

"Basi asubiri," alisema Rasti.

Namba sita ilikuwa ya mkulima wa mpunga, Nengah Kinten, aliyekuwa na tumbo la kuuma baada ya karamu. Picha zake zilitumwa kwa mtandao Denpasar, kwa daktari msomaji ambaye husoma za hospitali kumi na mbili na hajawahi kukanyaga hata moja. Majibu yalirudi baada ya dakika kumi na moja: tumbo halina tatizo, nyonga ya chuma ya kushoto imekaa vizuri. Nengah Kinten alijipapasa nyonga, akashukuru, akaenda zake kwa baiskeli.

Rasti alikuwa ameitundika ile picha kwenye kioo cha mwanga. Mwanamke wa koti akaiona kupitia mlango uliokuwa wazi, akasimama, akaongea kwa muda. Komang alimsikiliza mikono nyuma, kama alivyozoea melini.

"Anasema hiyo nyonga ni yake," alifasiri. "Kwao alipigwa picha, akaambiwa aende nyumbani, atapigiwa simu. Hakupigiwa. Hakufa kwa nyonga, anasema, alikufa kwa mambo mengine kabisa. Lakini simu alikuwa anaisubiri."

Rasti alifikiri kidogo. Akachapisha nakala ya pili na kumpa kwa mkono wa kulia. Mwanamke aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama juu na chini, akaridhika. Aliikunja, akaiweka kwapani, akapita katikati ya pikipiki zilizoegeshwa na hakuonekana tena.

Mpaka Ijumaa walikuwa wameshafika kumi na mmoja. Walikuja asubuhi kama watu wote, wakachukua namba kama watu wote, na kusema kweli walikuwa na adabu kuliko sisi, hawakuruka foleni wala kumkaripia Komang. Wengine walivaa makoti, wengine mashati ya kulalia yaliyofungwa mgongoni. Wauguzi waliwapelekea kahawa yetu isiyochujwa, hawakuinywa, ila walipenda kushika vikombe. Yeyote aliyeiona picha yake ndani ya mgonjwa wetu alipewa nakala akaenda. Waliobaki waliendelea kusubiri. Mmoja wao, mwanamume mrefu wa koti jeusi, dereva wa basi enzi zake, alimweleza Komang kwamba mashine ilipofika hospitali ya kwao palipigwa muziki na kuliwa keki, na yeye alikuwepo. Ilikuwa miaka kumi na minane nyuma.

Rasti alikwenda kwa mkurugenzi.

"Dokta, mashine imetumika miaka kumi na minane."

"Nani kasema?"

"Walioitumia."

Dokta Artawan alivuta pazia akalitazama benchi. Alikuwa mtu wa miwani myembamba, na alipokuwa na wasiwasi aliivua akaifuta hata kama ilikuwa safi. Aliifuta muda mrefu. Kisha akampigia Bwana Wibisana, naye akatua kesho yake na boksi la biskuti.

Bwana Wibisana alilipita benchi lote akimpa kila mmoja mkono, wafu kwa wazima.

"Hawa wana namba?" aliuliza.

"Wanachukua kwenye mashine ya namba," alisema Komang.

"Na picha zao zinatoka?"

"Zinatoka," alisema Rasti. "Hilo ndilo tatizo lenyewe, Bwana Wibisana. Zinatoka ndani ya wagonjwa wetu. Mtu anakuja na tumbo lake anaondoka na nyonga ya mwenzake."

"Daktari wa Denpasar amelalamika?"

"Hajalalamika."

"Basi, dada yangu, kama wana namba na wanapata picha, hao ni vichwa."

Mkurugenzi akavaa miwani yake. Tangu siku hiyo Komang alipewa daftari na amri: kila anayekaa kwenye benchi lile akapokea picha yake aandikwe jina, awe nani, atoke wapi. Wiki ya tatu hesabu ilifika arobaini kwa mara ya kwanza. Benchi likaongezwa urefu. Wilaya ikaleta cheti cha hospitali inayotumia vifaa vyake vizuri, kikatundikwa mapokezi, na wafu wakasogea kidogo ili kipigwe misumari.

Usidhani tulikaa tu. Tulimwendea Jero Mangku tukamwomba awaage wageni inavyopasa, kwa dua ya vitu vilivyotumika. Alikubali kabla hatujamaliza kusema, akaandaa na sigara. Lakini ile dua ina sharti. Mwenye kitu lazima atamke kwa kinywa chake, mbele ya sadaka, kwamba kitu kilikuwa cha wengine.

"Siwezi kuwaaga wageni ambao mwenye nyumba anasema hawapo," alisema Jero Mangku. "Mwambieni mkurugenzi aje aseme neno moja tu. Kimetumika. Basi."

Rasti alimpelekea mkurugenzi ujumbe.

"Nikitamka hivyo," alisema Dokta Artawan, "nimesema hati ni ya uongo. Na hati ina sahihi yangu, na chini ya yangu iko ya nani?"

"Yangu."

"Haya. Nenda kafanye kazi, dada."

Mzee Sadra alikuja kudai picha yake ya bure mwezi wa pili tangu mashine ifungwe. Kikohozi kilikuwa kimehamia, kikaleta na mizigo yake. Alilala kitandani akimtania binti yake kwamba amemlaza kama samaki wa kubanika. Rasti alirudi nyuma ya kioo, akabonyeza, akatazama. Katika pafu la kulia kulikuwa na kivuli cha ukubwa wa yai la bata.

Alivuta kiti, akaketi. Kisha akaona, shingoni, mkufu mwembamba wenye msalaba mdogo. Baba yake hakuwahi kuvaa mkufu, sembuse msalaba. Akapumua. Siku mbili baadaye alimpiga picha tena bila kuandika popote: yai halikuwepo, ila kilikuwepo kidude cha kuusukuma moyo na nyaya zake, na Mzee Sadra hakuwa na kidude. Mara ya tatu yai lilirudi palepale, na safari hii figo moja haikuonekana.

"Haya, niambie," alisema Mzee Sadra, akifunga saruni yake. "Hilo yai langu au la watu?"

"Sijui, Baba."

"Umesomeshwa miaka mitatu Surabaya nikauza patu mbili kubwa, halafu hujui?"

"Mashine inachanganya. Huenda ni la mmoja wa wale pale nje."

Mzee alijigonga kifuani kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kama alivyokuwa akifanya karakanani. "Upatu ukipasuka mimi nasikia hata nikiwa nimelala. Hapa hapajapasuka. Ni moshi tu, moshi wa miaka hamsini. Mwenye yai lake atakuja alichukue."

Rasti alitaka sana iwe hivyo. Nasema wazi, maana baadaye yeye mwenyewe alilisema: alitaka sana. Aliitia ile picha ya kwanza kwenye bahasha kubwa ya kahawia, akaacha mahali pa jina patupu, akaiweka kwenye rafu ya picha ambazo wenyewe hawajapatikana.

Hata hivyo alijaribu. Mashine ya kuaminika ilikuwa moja tu, ya hospitali kuu ya Denpasar, na huko hapokelewi mtu bila barua ya mkurugenzi kueleza kwa nini hospitali yake imeshindwa. Hospitali mbili binafsi za karibu zilikuwa zimeshapelekewa mashine na Bwana Wibisana. Rasti alikwenda kuchungulia moja. Kwenye benchi lake walikaa wazee wembamba wa nchi nyingine, waliosimama wote kwa pamoja wakainama kumsalimu. Akawaitikia, akageuza pikipiki.

"Niandike nini kwenye hiyo barua?" Dokta Artawan alimuuliza. "Kwamba nina mashine mpya isiyoaminika?"

"Andika ni baba yangu."

"Rasti. Ningekuwa na baba ningefanya kama wewe. Lakini barua ikifika Denpasar watauliza, na wakiuliza mashine inaondoka, na ikiondoka watu wa mji huu wote watakosa. Umefikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria. Lilikuwa jambo la kusikitisha kwamba hata uongo wa mkurugenzi ulikuwa na ukweli ndani yake: mashine ile ilimwona mtoto wa fundi cherehani aliyevuja damu kichwani, ikamwona kweli, na mtoto yu hai. Ungejuaje lini inasema kweli? Hakuna aliyejua, na msomaji wa Denpasar alikuwa na picha za hospitali kumi na mbili.

Miezi ikaenda. Kila siku baadhi ya wafu walipata zao wakaondoka, na kila siku walikuja wengine. Mzee Sadra aliacha kwenda karakanani, pumzi haikutosha tena kwa nyundo, na kwa kuwa hakuzoea kukaa nyumbani kama kuku anayeatamia, akawa anapanda nyuma ya pikipiki ya binti yake kila asubuhi. Alikaa mwisho wa benchi, upande wa kulia, karibu na dereva wa basi mwenye koti jeusi. Hawakuwa na lugha moja. Mzee aligonga ubao wa benchi kwa vidole, mdundo wa hekaluni, dereva akaurudia, akakosea, mzee akamsonya akaanza upya.

"Mwanafunzi wako anaendeleaje?" Komang alimuuliza siku moja.

"Ana mikono ya usukani. Lakini ana muda."

Saruni ya mzee sasa ilizunguka kiuno mara mbili. Rasti alipoiona aligeuza macho. Nyumbani alimpikia uji wa kuku na kumwambia amependeza kwa kupungua. Mzee alisema ndiyo, kama kijana. Kila jioni kabla ya kufunga chumba, Rasti aliitazama ile rafu, na kila jioni bahasha isiyo na jina ilikuwa palepale. Alijiambia kwamba mwenye picha yuko njiani, kwao ni mbali.

Mwezi wa saba Bwana Wibisana alileta habari ya mashine ya pili, ya kupiga picha matiti, nayo mpya, nayo ya kuwekwa tu. Mafundi walishaanza kubomoa ukuta wa pili, vumbi likawafuata wafu mpaka kwenye benchi. Walijipangusa makoti bila kunung'unika.

Asubuhi moja ya wiki ile Mzee Sadra alikohoa kwenye leso, akaikunja haraka, akaikalia. Rasti alikuwa amesimama mlangoni na aliona wekundu wake. Aliingia ndani, akaiondoa bahasha rafuni, akatoka nayo.

"Komang. Waambie kuna picha ambayo haijapata mwenyewe. Waambie kila mtu aiangalie vizuri, asiharakishe."

"Mbele ya mzee?"

"Waambie tu."

Komang alisimama katikati akawaambia kwa lugha ya melini. Walikuwa tisa asubuhi ile. Wote walikaa wima, kama wanafunzi walioitiwa majina.

Wa kwanza alikuwa mama mnene mwenye ufumaji mapajani. Aliuweka chini, akaishika picha kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani. Alitikisa kichwa, akampa jirani yake wa kulia. Yule alikuwa kijana mwenye bendeji kichwani, akaitazama kwa sekunde chache, akatikisa kichwa. Mzee mmoja alitafuta miwani mifukoni mwote mpaka akaipata, akaipulizia, akaisugua, akatazama, akasema kitu.

"Anasema yeye yake ilikuwa kwenye ini," alisema Komang.

Picha ikaendelea. Mwanamke mmoja mwenye mkufu wa msalaba aliishika muda mrefu, na Rasti akasogea karibu. Mwanamke aliushika msalaba wake, akauonyesha pale ulipo kwenye picha, akatabasamu. Kisha akaweka kidole juu ya yai, akatikisa kichwa polepole.

"Mkufu wake, ndiyo," alisema Komang. "Hicho kingine, hapana. Anasema mapafu yake yalikuwa mazima, alikuwa mwimbaji."

"Muulize tena."

"Dada Rasti."

"Muulize tena, Komang!"

Komang aliuliza tena. Mwanamke alijibu neno moja tu na kuipitisha picha kulia. Wa sita hakuitambua, wa saba hakuitambua, wa nane aliigeuza juu chini na kuirudisha sawa, hakuitambua. Ikafika kwa dereva wa basi. Aliitazama kuliko wote. Alipitisha kidole kuzunguka ukingo wa kile kivuli, akamtazama Rasti, kisha akaitazama tena, na ilionekana kwamba angependa sana iwe yake. Alitikisa kichwa. Kwa kuwa picha ilikuwa ikienda upande wa kulia, akaipeleka kulia, na kulia kwake alikaa Mzee Sadra.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaielekeza dirishani kama walivyofanya wenzake, akafumba jicho moja, akaitazama kama anavyotazama upatu kabla ya kuutoa motoni.

"Hii yangu," alisema.

"Baba, bado hatujui. Hawa ni tisa tu. Wako wengine watakuja, kesho watakuja wengine..."

"Rasti. Hawa watu nimekaa nao miezi kadhaa. Hawana haja ya kunidanganya. Mtu aliyesubiri namna hii hawezi kukataa kilicho chake." Alimtazama binti yake, akaona anavyolia amesimama, mikono imening'inia. "Usilie bwana, unawatia aibu wageni. Niletee kahawa, hii imepoa."

Rasti hakwenda. Alikaa chini sakafuni, mbele ya miguu ya baba yake, na kwenye ukuta wa pili mafundi waliendelea kugonga. Mzee Sadra aliikunja picha mara mbili, akaiweka kwapani kama alivyoona wengine wakifanya.

Komang alifungua daftari. Amri ilikuwa amri: kila anayekaa kwenye benchi lile akapokea picha yake. Alimtazama Rasti amwambie hapana. Rasti hakumwambia, naye akaandika Pande Ketut Sadra, baba wa mtumishi, chini ya majina ya kigeni. Siku ile vichwa vilifika arobaini na kimoja. Jioni daftari lilipelekwa kwa Dokta Artawan, akaitazama jumla, akatia saini.